Kutoka Handeni hadi Lewiston: Mwislamu Anavyochorwa na Vyombo vya Habari vya Magharibi

Magazeti, televisheni na filamu za Ulaya na Marekani humchora Mwislamu kwa sura chache zinazojirudia. Kuna Mwislamu wa hatari, aliyeshika silaha au anayesubiriwa kuishika. Kuna Mwislamu wa kale, ambaye dunia ya leo imempita. Tena kuna Mwislamu mwema, anayesifiwa kwa kuwa hakufanana na wale wawili. Mtu wa kawaida anayelima, anayesomesha watoto, anayegombana na jirani na kupatana naye, haonekani mara kwa mara.

Mfano ulio karibu zaidi na Watanzania ni wa Wazigua. Tawi moja la watu hawa linaishi Handeni, Kilindi, sehemu za Korogwe na Pangani, na kusini hadi Bagamoyo. Tawi jingine lilipelekwa Somalia katika karne ya 19, na tangu mwaka 2003 sehemu yake imehamia Marekani. Pande zote mbili kuna wasemaji wa Kizigua, na pande zote mbili Waislamu ni wengi. Tofauti ni kwamba Mzigua wa Handeni au Korogwe hukaa katika mji wenye misikiti na makanisa, mara nyingi katika ukoo mmoja wenye dini zote mbili, na dini yake si habari. Ndugu yake aliyeshuka uwanja wa ndege Marekani aliikuta picha yake imeshachorwa kabla hajafungua mdomo.

Matawi mawili ya ukoo mmoja

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Uzigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, na wengi wakaishia mikononi mwa wafanyabiashara wa utumwa. Wengine walidanganywa kuwa wanapelekwa kwenye kazi, wengine walijiweka rehani wenyewe na jamaa zao ili wasife. Majahazi yaliwachukua hadi Barawa, Marka na Mogadishu, wakauzwa kulima mashamba ya nafaka na pamba ya bonde la Mto Shebelle. Humo walikutana na Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine waliotekwa kutoka kusini.

Baadhi yao walitoroka na kwenda kujificha katika misitu ya kandokando ya Mto Juba, mahali palipoitwa Gosha. Masimulizi ya wazee wao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza Wazigua katika safari hiyo. Wakafyeka msitu, wakalima, wakajilinda. Makundi mengi ya Gosha yalipoteza lugha za asili na kuchukua za wenyeji, lakini sehemu ya Wazigua ilishikilia Kizigua. Uislamu waliupokea hatua kwa hatua, hasa kupitia mashehe wa tarika, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Huku Uzigua nako dini hiyo ilikuwa ikipanda bara kutoka Pangani na Saadani pamoja na misafara ya biashara. Matawi mawili yaliyotenganishwa na safari ya majahazi yaliingia katika dini moja kila moja kwa njia yake, na wala si kwa upanga.

Picha iliyotangulia: Pangani, 1888

Kabla ya kufika Marekani, yafaa kuona kwamba bonde la Mto Pangani liliwahi kuchorwa na magazeti ya Ulaya. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Huko Pangani, wakala wa kampuni hiyo, Emil von Zelewski, alimdharau liwali na bendera ya Sultani, na watu wake wakaingia msikitini wakati wa Idi, tena na mbwa. Watu wakaja juu. Abushiri bin Salim akawa kiongozi mashuhuri upande wa Pangani, na Bwana Heri, mtawala wa Saadani aliyeheshimiwa na Wazigua, akapigana upande wa kwao.

Huko Ujerumani vita hiyo iliandikwa kwa jina moja: uasi wa Waarabu. Waliopigana walikuwa mchanganyiko wa watu wa mrima, Wazigua, wapagazi kutoka bara, watumwa na mabwana, na Abushiri mwenyewe alikuwa adui wa siku nyingi wa Sultani. Lakini jina la Waarabu lilikuwa na kazi. Mwaka huohuo Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka miji mikuu ya Ulaya kuhubiri dhidi ya biashara ya utumwa na kuufungamanisha utumwa na Uislamu. Oktoba 1888 mkutano mkubwa wa kupinga utumwa ulifanyika katika ukumbi wa Gürzenich, mjini Cologne, na Januari 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha mark milioni 2 kwa sheria iliyotaja pamoja kuzuia utumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Kampuni iliyokuwa imeshindwa kutawala ikapata jeshi la Hermann Wissmann kwa gharama za serikali.

Utumwa ulikuwapo kweli, na mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa. Magazeti hayakuubuni. Kosa lao ni kuchukua ukweli mmoja na kuufanya sababu pekee ya vita, huku dharau ya kampuni, kodi mpya na msikiti ulioingiliwa vikiachwa nje. Halikuandikwa kwa uzito uleule jambo la Askofu Smythies wa misheni ya UMCA, ambaye katika ghasia hizo za Pangani alilindwa na Abushiri dhidi ya umati uliokuwa na hasira na Wazungu wote, akapata njia ya kwenda Magila, kwenye kituo cha misheni yake. Abushiri alikamatwa Uzigua na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka 1892 Rochus Schmidt, ofisa wa jeshi la Wissmann, alitoa kitabu cha historia ya vita hiyo kikiwa na jina lilelile la uasi wa Waarabu.

Upande wa pili nao ulikuwa na waandishi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kutamalaki mrima. Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyemtumikia mtawala Semboja huko Mazinde, katika Korogwe ya leo, aliandika Habari za Wakilindi, na kitabu hicho kikachapwa Magila na mtambo wa wamisionari wa UMCA kuanzia mwaka 1895. Mwislamu aliandika na Wakristo wakachapa. Ushirikiano wa namna hiyo ulikuwa sehemu ya maisha ya bonde hilo, na wasomaji wa magazeti ya Berlin hawakuelezwa.

Vita ya Somalia na kurudi Handeni

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wakulima wa Juba walibaki bila ulinzi. Hawakuwa na silaha wala ukoo wenye nguvu wa kuwatetea, na ghala zao zilikuwa na chakula. Wanamgambo waliwapora, wakaua na kubaka. Maelfu walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya. Wengine walipanda vyombo vya baharini wakashuka Tanzania, na serikali ikawaweka Mkuyu, Handeni. Huko walikuta wenyeji wanaosema Kizigua wanachokielewa, baada ya kutengana kwa zaidi ya miaka 150.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 2003 walihamishiwa makazi ya Chogo, wilayani Handeni, ambako familia zilipewa ardhi ya kulima na kujenga. Kufikia mwaka 2009 utaratibu wa kuwapa uraia wa Tanzania ulikuwa umeanza kutekelezwa. Tukio hilo halikukosa matatizo, kwani wakimbizi wa Chogo walihitaji maji, shule na zahanati kama vijiji vya jirani. Hata hivyo mjadala juu yao ulihusu ardhi, huduma na uraia, na dini yao haikuwa hoja.

Waliobaki Kenya walipata njia nyingine. Tanzania na Msumbiji ziliombwa kuwapokea katika miaka ya 1990, na mipango hiyo ikakwama. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwachukua takriban watu 12,000. Mashambulizi ya Septemba 11, 2001, yalichelewesha ukaguzi wao. Mwaka 2002 walisafirishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi kambi ya Kakuma ili wasailiwe, na mwaka 2003 kundi la kwanza likaondoka. Katika nyaraka za mashirika na katika vyombo vya habari wote waliitwa Wabantu wa Somalia, wawe wana asili ya Uzigua au ya kwingine.

Sura ya kwanza: watu wa kale

Habari za mwanzo juu yao nchini Marekani zilijaa huruma. Waandishi walikwenda Kakuma kuona madarasa ambamo wakimbizi walifundishwa kutumia jiko la umeme, choo cha kuvuta maji, ngazi na jokofu. Machi 2003 gazeti la New York Times liliwaita kabila la Afrika lililopotea. Picha ya mtu mzima anayebonyeza swichi ya taa kwa mara ya kwanza ilipendwa na wahariri, na ikarudiwa katika miji mbalimbali kila familia mpya ilipowasili.

Mambo hayo yalikuwa ya kweli, lakini yaliwaonyesha watu hao kwa walichokosa tu. Mkulima wa Juba alijua kusoma mafuriko ya mto, kuchagua mbegu, kuhifadhi nafaka ardhini na kusema lugha mbili au tatu. Alikuwa amevuka vita na jangwa akiwa na watoto mgongoni. Ujuzi huo haukupata aya. Uislamu wao ulitajwa kama sehemu ya mambo ya kale, pamoja na ndoa za wake wengi na hirizi. Filamu ya Anne Makepeace ya mwaka 2006, Rain in a Dry Land, ilienda hatua zaidi kwa kufuatilia familia mbili kwa muda mrefu, moja Atlanta na nyingine Springfield, Massachusetts, hadi mtazamaji akaona wazazi wanaofikiri, wanaobishana na wanaoamua.

Sura ya pili: tishio na mzigo

Huruma hiyo ilikwenda sambamba na hofu. Viongozi na wakazi wa Holyoke, Massachusetts, na Cayce, South Carolina, walipinga mpango wa kuletewa wakimbizi hawa hata kabla ya mtu mmoja kufika.

Kisa kilichojulikana zaidi ni cha Lewiston, Maine, mji mdogo wa viwanda vya nguo vilivyokuwa vimefungwa. Wasomali walianza kuhamia hapo mwaka 2001, na mwaka uliofuata walikuwa zaidi ya 1,000. Oktoba 2002 meya, Laurier Raymond, aliwaandikia wazee wao barua ya wazi akiwataka wawazuie jamaa zao wasiendelee kuja, kwa hoja kwamba mji umeelemewa. Barua hiyo ikaruka hadi vyombo vya habari vya kimataifa. Januari 2003 kundi la wabaguzi wa rangi liliitisha mkutano mjini humo na kupata watu wachache wa kuhesabika, wakati mkutano wa kuwaunga mkono wageni ulikusanya watu wapatao 4,000. Miaka mingi baadaye Lewiston bado ilikumbukwa zaidi kwa barua hiyo.

Wamarekani wengi walikuwa na picha moja tu ya Msomali kichwani. Filamu ya Black Hawk Down ya Ridley Scott, iliyoonyeshwa kote nchini mapema mwaka 2002, ilisimulia mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993. Wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa, na katika filamu wanajeshi wa Marekani wana majina na familia. Wasomali waliokufa walikuwa mamia, na katika filamu ni umati unaokimbia na kupiga risasi. Mtu aliyetoka sinemani alikutana na majirani wapya siku chache baadaye.

Wabantu wa Somalia walipoanza kuhamia Lewiston, waliingizwa kwenye picha hiyohiyo. Wao walikuwa wajukuu wa watumwa, waliopokonywa mashamba na wanamgambo, na uhusiano wao na Wasomali wengine ulikuwa na majeraha yake. Kwenye habari wote walikuwa Wasomali Waislamu. Julai 2006 mtu alivingirisha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wa mji huo wakati wa swala. Mwaka 2016 Donald Trump, akiwa kwenye kampeni Maine, aliwataja wakimbizi Wasomali kama hatari, na Januari 2017 Somalia ikawa miongoni mwa nchi 7 ambazo raia wake walizuiwa kuingia Marekani.

Sura ya tatu: mgeni mwema

Novemba 2015 timu ya mpira wa miguu ya sekondari ya Lewiston ilitwaa ubingwa wa jimbo la Maine. Wachezaji wengi walikuwa watoto wa wakimbizi wa Kiafrika. Waandishi walikuja tena, safari hii na sifa, na mwaka 2018 Amy Bass akachapisha kitabu kizima juu ya timu hiyo. Vijana hao walistahili kila sifa waliyopata.

Tatizo la sura hii ni sharti lake. Evelyn Alsultany, katika kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya Waarabu na Waislamu katika vyombo vya habari vya Marekani, alionyesha kwamba baada ya Septemba 2001 tamthilia nyingi ziliongeza mhusika Mwislamu mzuri: mpelelezi mzalendo au jirani asiye na hatia. Mhusika huyo huwekwa ili kusawazisha gaidi aliye katika hadithi ileile, kwa hiyo hadithi hubaki ya ugaidi. Katika habari pia, Mwislamu hupokelewa anapofunga bao, anapookoa mtoto au anapolaani shambulio ambalo hakulifanya. Asiye na kombe wala ushujaa hubaki na sura mbili za kwanza.

Utafiti unaonyesha nini

Hali ya Lewiston si ya pekee. Jack Shaheen alipitia filamu zaidi ya 900 za Hollywood kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 2001, na akakuta wahusika wengi mno wa Kiarabu ni wahalifu, matajiri wapumbavu au wauaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichambua habari 974 za magazeti ya Uingereza za miaka ya 2000 hadi 2008. Takriban theluthi mbili zilimhusisha Mwislamu na ugaidi, msimamo mkali, au dini na desturi zilizoelezwa kuwa hazipatani na maisha ya Uingereza.

Mwaka 2019 Erin Kearns na wenzake walichapisha uchambuzi wa mashambulizi ya kigaidi yaliyotokea Marekani kati ya 2006 na 2015. Baada ya kuzingatia idadi ya waliokufa na mambo mengine, shambulio la Mwislamu lilipata habari nyingi zaidi kwa asilimia 357 kuliko la mtu mwingine. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya Annenberg, California, waliangalia filamu 200 zilizopendwa Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand kati ya 2017 na 2019. Kati ya wahusika 8,965 wanaozungumza, Waislamu walikuwa asilimia 1.6, ingawa ni karibu robo ya watu wote duniani.

Picha inavyotengenezwa

Si lazima mwandishi awe na chuki ili picha hii itokee. Kazi ya kawaida ya chumba cha habari yatosha. Habari hufuata tukio, na mlipuko ni tukio, lakini miaka 20 ya kuishi vizuri na majirani si tukio. Mwandishi mwenye saa moja humpigia msemaji wa polisi au ofisa wa serikali, na imamu hupigiwa simu ili alaani. Kichwa cha habari kina nafasi ya maneno sita. Mtunzi wa filamu naye hutaka adui anayetambulika mara anapotokea.

Dhana iliyozoeleka huwahi kufika kabla ya ushahidi. Jengo la serikali la Oklahoma City lilipolipuliwa tarehe 19 Aprili 1995, wachambuzi kwenye televisheni walielekeza kidole Mashariki ya Kati. Aliyelipua alikuwa Timothy McVeigh, mwanajeshi wa zamani wa Marekani. Julai 22, 2011, watu 77 waliuawa Norway, na gazeti la Uingereza The Sun likatoka na ukurasa wa mbele unaoitaja al-Qaeda. Muuaji alikuwa Mnorway mwenye kuuchukia Uislamu.

Lewiston yenyewe ilipata msiba tarehe 25 Oktoba 2023, mwanajeshi wa akiba alipoua watu 18. Vyombo vya habari vilichunguza afya yake ya akili, silaha zake na dalili zilizopuuzwa na waliomjua, na hakuna jamii ya dini iliyotakiwa kujibu kwa niaba yake. Huo ni uandishi wa haki, kwa kuwa ulitafuta sababu kwa mtu mwenyewe. Kipimo hichohicho ndicho ambacho Waislamu wanastahili kupimiwa.

Wanapojisemea wenyewe

Sura hubadilika pale wanaochorwa wanapopata kalamu, au wanapopata mwandishi anayewajua. Catherine Besteman, mtaalamu wa anthropolojia, aliishi katika kijiji kimoja cha bonde la Juba mwaka 1987 na 1988. Baadaye alikutana tena na watu wa kijiji hicho Lewiston, na kitabu chake cha mwaka 2016 kinawaonyesha wakiwa na historia iliyoanza zamani kabla ya uwanja wa ndege. Wabantu wa Somalia wa Maine wameunda chama chao na mashamba ya pamoja, wanalima mahindi na kuyasaga unga wa sima kama wanavyofanya jamaa zao wa Chogo. Habari za mashamba hayo zimeandikwa kwa maswali ya mbegu, ardhi na soko, na dini imekaa mahali pake kama sehemu ya maisha ya mkulima.

Kwa msomaji wa Handeni na Korogwe jambo hili halipo mbali. Habari nyingi za kimataifa katika magazeti na redio za Kiswahili hutoka kwa mashirika ya Magharibi kama Reuters, AFP na AP, na tafsiri hubeba sura pamoja na maneno. Msomaji anaweza kuuliza nani amezungumza na nani amenyamazishwa. Aangalie kama dini ya mhusika ingetajwa kama angekuwa wa dini nyingine, na kama sababu ya tukio imeelezwa au imeachiwa jina la dini. Mhariri wa Kiswahili ana wajibu huohuo, na ana nyenzo ambayo mwenzake wa New York hana. Wasemaji wa Kizigua wako Handeni na wako Columbus, Ohio, na simu ya dakika kumi kwa lugha yao yatosha kuwafanya wajieleze wenyewe.